Mwajiri akisema "rudini ofisini": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu haki zako nchini Kenya

Waraka wa kwanza wa aina hii niliuandika mimi mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa saa kumi na dakika arobaini na saba jioni, na mkubwa wangu alitaka uwafikie watu kabla hawajafunga kompyuta. "Kuanzia Jumatatu, wafanyakazi wote watafanyia kazi ofisini." Sentensi moja tu. Hakuna aliyeuliza wale waliokuwa wamehamia Nakuru wangefikaje. Nilikaa upande wa HR, yaani idara ya rasilimali watu, miaka tisa. Siku hizi nakaa upande wa pili wa meza, nawasaidia wafanyakazi kuisoma mikataba yao, na maswali ninayoletewa ni yale yale.

Majibu yaliyo hapa ni ya sheria ya Kenya, hasa Sheria ya Ajira ya 2007. Yatakusaidia kujua umesimama wapi, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya wakili aliyeushika mkataba wako mkononi.

Je, sheria inanipa haki ya kufanyia kazi nyumbani?

Hapana. Afadhali ulijue hilo mapema kabla hujaingia ofisini kwa mkubwa wako ukinguruma. Sheria ya Ajira ilitungwa wakati ambapo mtu aliyebeba kazi kwenda nyumbani alibeba faili kwapani. Haikutoa haki ya kuchagua mahali pa kazi. Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, lakini haisemi kazi ifanyiwe wapi. Hata mswada wa mwaka 2022 wa Seneta Samson Cherargei, ambao watu wengi bado wananitajia, ulihusu mwajiri kutokusumbua kwa simu na barua pepe baada ya saa za kazi. Haukuhusu meza yako iko chumba gani.

Walio na jamaa Uingereza huambiwa kwamba huko haki hiyo ipo. Iliyopo ni haki ya kuomba. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 mfanyakazi wa huko anaweza kuomba utaratibu tofauti wa kazi tangu siku yake ya kwanza, na mwajiri ana miezi 2 ya kumjibu. Jibu linaweza kuwa hapana.

Nguvu yako iko kwenye karatasi: mkataba unasema nini, ulibadilishwa vipi baadaye, na mwajiri amefuata utaratibu gani kukurudisha.

Mkataba wangu unasema ofisi ni Westlands, lakini nimekuwa nyumbani tangu Machi 2020. Miaka yote hiyo haihesabiki?

Inahesabika kidogo, si kwa kiasi unachotarajia. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akazihimiza ofisi za umma na kampuni ziwaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani. Wiki hiyo hiyo HR za nchi nzima ziliandika barua kwa haraka, na nyingi zilibeba maneno kama "kwa muda" au "hadi itakapotangazwa vinginevyo". Itafute barua yako. Kama maneno hayo yamo, mwajiri atasema mkataba haukubadilika hata siku moja, kwamba alikuruhusu tu, na sasa ruhusa imekwisha. Mara nyingi atasikilizwa. Majaji wetu hawapendi kumwongozea mwajiri biashara yake.

Hali hubadilika ukiwa na karatasi iliyokuja baadaye. Labda ni barua ya kupandishwa cheo mwaka 2022 iliyoandika kituo chako cha kazi kuwa nyumbani. Labda ni barua pepe ya meneja: "Hakuna shida, hamia tu Nakuru." Au posho ya intaneti iliyo kwenye hati yako ya mshahara kila mwezi kwa miaka mitatu. Kampuni iliyorudisha ghorofa mbili kwa mwenye jengo na kubaki na meza ishirini kwa watu mia moja itapata taabu kudai kwamba mpango ulikuwa wa muda tu. Hakuna kimoja kati ya hivi kinachokuhakikishia ushindi, lakini kila kimoja kinakupa kitu cha kuweka mezani.

Mimi niliajiriwa mwaka 2022 nikiwa Eldoret. Barua ya ajira inasema nitafanyia kazi nyumbani. Sasa wanataka niripoti Nairobi.

Wewe uko pazuri kuliko wengine wote. Mahali pa kazi ni mojawapo ya mambo ambayo kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinataka yaandikwe kwenye mkataba. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba jambo kama hilo likibadilika, mwajiri atashauriana na mfanyakazi, ataurekebisha mkataba, kisha atamjulisha kwa maandishi. Kushauriana si kutumiwa waraka Ijumaa jioni. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi imesema mara nyingi kwamba mwajiri hawezi kubadilisha masharti makubwa ya mkataba peke yake, na kumtoa mtu Eldoret kumpeleka Nairobi, na kodi ya nyumba ya Nairobi, si jambo dogo.

Ila kabla hujashangilia, soma ukurasa wa pili. Mikataba mingi ina kipengele kinachosema kampuni inaweza kukuhamishia kituo chochote nchini. Nyingine zinakurejesha kwenye mwongozo wa wafanyakazi, ule ambao hukuwahi kuufungua, na humo mmeandikwa kwamba utaratibu wa nyumbani "unaweza kusitishwa wakati wowote". Kipengele kama hicho kinampa mwajiri mlango, lakini aupitie kwa busara: akupe muda wa kutosha, awe na sababu ya kazi, na asiutumie kukukomoa.

Sina mkataba wa maandishi. Niliajiriwa kwa simu.

Usijilaumu. Kazi ya kuandika mkataba wa miezi 3 au zaidi ni ya mwajiri. Kama hakuuandika na mkafikishana mahakamani, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti mnalobishania. Kusanya ulichonacho: ujumbe wa WhatsApp ambamo mlikubaliana, tangazo la kazi lililosema unaweza kufanya ukiwa popote, malipo ya M-Pesa au ya benki. Pigia picha sasa hivi, maana simu hupotea na akaunti ya kazini hufungwa siku unayoachishwa.

Mwajiri anatakiwa anipe siku ngapi kabla ya kunirudisha?

Hakuna idadi iliyowekwa kwa jambo hili. Watu huzichanganya na siku 28, lakini hizo ni za notisi ya kusitisha mkataba wa anayelipwa kwa mwezi. Kinachoangaliwa hapa ni kama muda uliopewa unaingia akilini. Anayeishi Rongai na aliyehama na familia kwenda Kisumu hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Nilipokuwa HR nilipendekeza mwezi mmoja kwa walio karibu na muhula mzima wa shule kwa walio mbali wenye watoto. Nilichekwa, lakini pendekezo lile halikuwa la kijinga.

Mabadiliko yenyewe ni lazima uyapate kwa maandishi, kabla ya mwezi mmoja kupita tangu yatokee. Ukiambiwa kwa mdomo kwenye mkutano wa Zoom, andika: "Naomba maelezo haya kwa barua."

Wamenipa barua nitie sahihi. Nitie au nisitie?

Isome barua inataka sahihi ya nini. Kama ni ya kuthibitisha kwamba umeipokea, tia, uandike tarehe na maneno "nimepokea, sijakubali". Kama inasema "nimekubali masharti mapya", una haki ya kuomba siku chache uisome. Anayekwambia uitie hapo hapo, ukiwa umesimama, kalamu yake mkononi mwako, amekwisha kukuonyesha kwamba sahihi hiyo ina thamani kwake. Isiwe bure.

Nikikataa tu kwenda, watanifanya nini?

Hapa ndipo watu wazuri wenye kesi nzuri hujiharibia. Kifungu cha 44 kinaorodhesha makosa yanayoweza kumfanya mtu afukuzwe papo hapo bila notisi. La kwanza katika orodha hiyo ni kutokuwepo mahali palipopangwa kwa kazi bila ruhusa au sababu halali. Lingine ni kukaidi amri halali ya mkubwa. Ukibaki nyumbani, mabishano yanaacha kuwa juu ya mkataba wako na yanakuwa juu ya utoro wako. Nimeona mfanyakazi aliyekuwa na barua safi kabisa ya kufanyia kazi nyumbani akikaa kimya siku kumi na moja, simu imezimwa, akiamini ukimya ni msimamo. Alipokuja kwangu, kesi ilikuwa imegeuka. Mwajiri alikuwa na daftari la mahudhurio, barua mbili za onyo na rekodi ya simu alizopiga.

Ushauri wangu, na nimeurudia hadi wenzangu wananitania nao: nenda, lakini andika. Ripoti ofisini kama umeagizwa na unaweza kufika, na siku hiyo hiyo peleka barua fupi ya pingamizi. Kama kufika haiwezekani, andika kabla ya siku yenyewe, useme kwa nini, useme uko tayari kuendelea na kazi yako kama kawaida, na uombe mkutano. Kisha fungua kompyuta saa mbili kamili na ufanye kazi, ionekane.

Barua isiwe ndefu. Iandike kwa lugha ya ofisi yenu, lakini maudhui yawe namna hii:

"Nimepokea waraka wa tarehe fulani unaonitaka niripoti Nairobi kuanzia tarehe fulani. Barua yangu ya ajira ya tarehe fulani, aya ya 3, inasema kituo changu cha kazi ni nyumbani kwangu Eldoret. Sijashauriwa wala sijakubali kubadilishwa kwa sharti hilo. Ninaripoti ili kazi isikwame, na kuripoti kwangu kusichukuliwe kuwa nimekubali. Naomba tukutane kabla ya tarehe fulani tuzungumzie muda wa kuhama, gharama, au siku chache za ofisini kwa wiki."

Hakuna matusi humo, hakuna vitisho vya wakili, na hakuna historia ya miaka mitano. Sentensi ya mwisho ndiyo huwa inaleta mkutano, kwa sababu inampa HR kitu cha kukubali.

Je, mwajiri anaweza kunifuta kazi kwa utoro bila kunisikiliza?

La. Hata kwa utoro, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua, kisha akusikilize kabla ya kuamua. Anayedai umetoroka kazi hutarajiwa pia aonyeshe alivyokutafuta. Mwaka 2021 majaji watatu wa mahakama ya ajira waliamua kwamba hata aliye kwenye kipindi cha majaribio asinyimwe kusikilizwa. Kwa hiyo ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, nenda, hata kama umekasirika. Mwenzako utakayemchukua awe mtu anayejua kuandika haraka.

Nimechoka. Naweza kujiuzulu kisha niwashtaki kwamba wamenilazimisha?

Unaweza, lakini ni njia nyembamba na wengi huanguka njiani. Sheria inatambua kwamba kuna kujiuzulu ambako kwa kweli ni kufukuzwa, mwajiri anapovunja mkataba vibaya kiasi kwamba mtu hana budi kuondoka. Kesi inayotajwa kila mara ni ile ya mwaka 2015 iliyoihusu kampuni ya Coca-Cola ya Afrika Mashariki na Kati, ambamo Mahakama ya Rufaa iliweka vipimo. Mwajiri awe amevunja jambo la msingi katika mkataba. Uwe umeondoka kwa sababu ya jambo hilo, si kwa sababu umepata kazi bora kwingine. Uwe hukukubali mabadiliko, kwa maneno wala kwa vitendo, na uwe umeondoka bila kukawia sana. Mzigo wa kuthibitisha haya yote ni wako.

Hebu tuvitumie vipimo hivyo. Aliyeandikiwa Westlands tangu awali na kuitwa arudi Westlands hana msingi uliovunjwa. Aliyeandikiwa Eldoret, akapinga kwa barua, akaomba mkutano akanyimwa, akaambiwa "njoo Jumatatu au usije kabisa", huyo ana kisa cha kusimulia mbele ya jaji. Aliyeripoti Nairobi mwezi Januari kimya kimya, akajiuzulu mwezi Septemba baada ya ugomvi wa likizo, ameshaizika kesi yake mwenyewe.

Ukiamua kuondoka, barua ya kujiuzulu iseme sababu. Kila mwaka naletewa barua zinazosema "nashukuru kwa nafasi mliyonipa na nawatakia kila la heri", kisha mwenyewe anataka nimsaidie kudai alilazimishwa. Hiyo barua itasomwa mahakamani kwa sauti.

Na usijiuzulu kabla hujajua utalipa kodi na nini miezi kumi na minane ijayo. Kesi huenda polepole.

Wanasema nafasi ya kazi ya mbali imefutwa, kwa hiyo nije ofisini au niondoke.

Sikiliza neno "nafasi imefutwa". Kama kazi yenyewe ndiyo imeondolewa, hiyo ni kupunguza wafanyakazi, na kifungu cha 40 kina utaratibu wake. Wewe, au chama chako kama ni mwanachama, pamoja na afisa wa leba, mpewe notisi ya maandishi angalau mwezi mmoja kabla. Uteuzi wa wanaoondoka uzingatie muda waliokaa kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Kisha ulipwe likizo ambazo hukuchukua, notisi au mshahara badala yake, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Mfano: mshahara wa shilingi 90,000 kwa mwezi, miaka 6 kamili. Siku 15 mara 6 ni siku 90. Ukigawa mshahara kwa 30, siku moja ni shilingi 3,000, kwa hiyo malipo ya kuachishwa peke yake ni shilingi 270,000. Ndiyo sababu baadhi ya waajiri hupenda uondoke "kwa hiari". Nimekaa kwenye mikutano ambamo waraka wa kurudi ofisini ulihesabiwa hivyo: wangapi watachoka na kwenda zao bila kudai chochote. Hilo halikuandikwa popote, bila shaka.

Nina mimba. Au ninanyonyesha. Au nina ulemavu. Mambo yanabadilika?

Ndiyo, na hapa usiandike barua ya jumla kama ya wenzako. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, mimba, ulemavu na mingineyo, na ukilalamika kwa misingi hiyo, ni mwajiri anayetakiwa kuonyesha kwamba hakubagua. Mwenye ulemavu anastahili marekebisho yanayofaa kazini. Mtu ambaye kwa miaka minne amefanya kazi vizuri akiwa nyumbani, na sasa anaitwa kwenye ghorofa ya tano ya jengo ambalo lifti imekufa tangu Pasaka, ana hoja inayojieleza yenyewe. Barua ya daktari iseme hasa unachohitaji: siku ngapi, kwa sababu gani, hadi lini. "Mgonjwa apumzike" haisaidii.

Kwa anayenyonyesha, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa mahali pa kazi. Choo si chumba cha kukamulia maziwa. Kama hakuna chumba, uliza kwa maandishi kitakuwa tayari lini, na upendekeze kubaki nyumbani mpaka hapo. Nimeona barua moja ya aya mbili ikimpa mama miezi mitano, kwa kuwa hakuna aliyetaka kujibu swali hilo.

Mbona nimeitwa mimi peke yangu?

Linganisha kazi na kazi, si mtu na mtu. Kama wenzako wanaofanya kazi ile ile wameachwa nyumbani, uliza kwa maandishi kigezo kilichotumika. Jibu likiwa la utendakazi, omba takwimu. Kama uliitwa wiki mbili baada ya kumlalamikia meneja wako, tarehe hizo zitunze, maana kumwachisha mtu kazi kwa sababu alilalamika dhidi ya mwajiri ni miongoni mwa sababu ambazo sheria imezikataa waziwazi. Ila kuitwa peke yako, bila zaidi, si ubaguzi wa kisheria. Kifungu cha 5 kina orodha yake, na "meneja hanipendi" haimo.

Nauli je? Na posho ya intaneti waliyoikata?

Sheria ya Ajira haimlazimishi mwajiri kukulipa nauli ya kila siku. Inamlazimisha kukupa nyumba au posho ya nyumba ya kutosha, basi. Nauli hutoka kwenye mkataba wako au kwenye mkataba wa pamoja ambao chama chenu kimesaini na mwajiri. Wenye chama, usomeni, kwa maana huwa na vitu ambavyo hata HR imesahau. Posho ya intaneti ikiwa ilitolewa kwa ajili ya kazi ya nyumbani, kuondolewa kwake unaporudi ofisini ni vigumu kuipinga. Ikiwa ilikuwa sehemu ya mshahara kwa jina lingine tu, hapo pana mjadala.

Ninawaambia watu wapige hesabu hii kabla ya mkutano: matatu kutoka Kitengela kwenda na kurudi, chakula cha mchana, anayebaki na mtoto, saa mbili za jamu asubuhi na mbili jioni. Iandike kwa tarakimu. Mwajiri hasikii "nateseka", anasikia "shilingi 14,000 kwa mwezi".

Mimi si mwajiriwa, ni mshauri wa mkataba. Haya yananihusu?

Mengi hayakuhusu, utategemea mkataba wako wa huduma. Lakini kama unapangiwa saa, unaomba ruhusa ya likizo, na unatumia kompyuta yao, mahakama inaweza kukutazama kama mwajiriwa bila kujali jina lililoandikwa juu ya karatasi. Na kumbuka, mwajiri anayemlazimisha mshauri akae ofisini kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja anakutengenezea ushahidi.

Kampuni yangu iko nje ya nchi na mimi niko Mombasa.

Angalia kipengele cha sheria itakayotumika na mahali pa kesi. Kama mkataba umeandikwa na kampuni tanzu iliyosajiliwa Kenya, uko kwenye sheria hii hii. Kama umeandikwa na kampuni ya ng'ambo moja kwa moja, haki unaweza kuwa nayo, lakini kuifuatilia ni gharama. Mara nyingi kinacholipa zaidi ni mazungumzo ya kuachana kwa malipo.

Niko Dar es Salaam, si Nairobi. Hayo yananifaa?

Mawazo ya jumla yanafanana. Huko pia sheria inataka mahali pa kazi paandikwe kwenye mkataba, na mabadiliko yafanywe kwa kushauriana. Kinachotofautiana sana ni muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi Tanzania unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ni siku 60. Mkenya ana miaka 3 ya kwenda mahakamani, na akikufariji kwa hesabu zake utachelewa.

Tukiwa wengi tunaweza kukataa pamoja?

Mnaweza kuandika pamoja, na barua yenye majina arobaini husomwa na watu ambao barua yako haiwezi kuwafikia. Lakini kukaa nyumbani kwa pamoja kunaweza kuhesabiwa mgomo, na mgomo una masharti yake: upatanishi ujaribiwe kwanza, na notisi ya siku 7 itolewe. Bila hayo, haulindwi na sheria. Kama mna chama, mpelekeeni mwakilishi wenu kabla ya kuunda kundi la WhatsApp. Na kwenye kundi hilo pana mtu anayempelekea mkubwa picha za mazungumzo. Nilikuwa nazipokea mimi.

Nikishaamua kulalamika, naenda wapi?

Anza ndani: barua kwa mkubwa wako, kisha HR, kisha utaratibu wa malalamiko ulio kwenye mwongozo. Isipofaa, nenda ofisi ya leba iliyo karibu nawe. Huko hulipi kitu, na afisa anaweza kumwita mwajiri mkae mezani. Kama umeshaachishwa, peleka malalamiko kwake ndani ya miezi 3. Ofisi nyingine zina kazi nyingi kuliko watu, kwa hiyo nenda asubuhi na nakala zako zikiwa zimepangwa kwa tarehe.

Mahakamani, aliyekuwa akipata hadi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kufungua kesi mbele ya hakimu aliyeteuliwa kusikiliza kesi za ajira. Zaidi ya hapo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye vituo Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri, Eldoret na kwingineko. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe.

Nikishinda nitapata kiasi gani?

Dari ni mishahara ya miezi 12 kwa kuachishwa isivyo haki, pamoja na notisi na chochote unachodai kihalali. Usiipangie bajeti miezi 12. Jaji huangalia ulikaa kazini muda gani, ulichangia vipi tatizo, na kama ulijitahidi kutafuta kazi nyingine. Kurudishwa kazini kupo kwenye sheria, lakini ni nadra. Ukipewa malipo ya kuachana, yalinganishe na hesabu ya kweli ya kesi yako, si na dari. Karatasi ya kuachana husema hutadai tena chochote, kwa hiyo hakikisha likizo zako na cheti chako cha huduma vimetajwa. Cheti hicho ni haki yako hata kama mmeachana kwa ubaya.

Kiti na kompyuta walizonipa mwaka 2020 ni zangu?

Kompyuta si yako. Irudishe, na kabla ya kuirudisha toa mambo yako binafsi tu. Faili za kazi usizinakili, hiyo ndiyo njia rahisi ya kugeuzwa kutoka mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Piga picha ya namba yake na uombe karatasi iliyotiwa sahihi kwamba wameipokea. Kiti kinategemea: kama walikupa pesa ukanunue na hawakuandika kwamba kitarudishwa, kuna nafasi nzuri ni chako. Kama kina kibandiko cha namba ya kampuni chini ya mguu, si chako. Kiinamishe uangalie.